Nyumba ya Evaristo Ilivyohamia Ifakara

Katarina alikuwa akianika mpunga kwenye turubai mbele ya nyumba ya mpwa wake, pale Mbingu, nyumba ya mumewe ilipopita barabarani ikielekea Ifakara. Umande ulikuwa umeshakauka na kuku walikuwa wameshaanza uchokozi wao. Aliitambua kwa dirisha la upande wa kulia, ambalo Evaristo alilikata likapinda, kisha akakataa kulinyoosha, akisema dirisha ni la kutazamia nje, siyo la kutazamwa. Paa lilikuwa limeungua lote, zimebaki pau chache nyeusi. Kuta zilikuwa na masizi kuanzia dirishani kwenda juu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nyumba haikuwa na miguu. Ilikuwa ikisogea tu, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo kichwani, nayo ilishika upande wa kushoto wa barabara kama inavyotakiwa. Nyuma yake kulikuwa na lori la mbao kutoka Uchindile. Dereva alingoja hadi kona ilipoisha, akapiga honi, akaipita.

Katarina alimwambia mpwa wake Agnetha aangalie mpunga, akajifunga khanga ya pili, akaenda barabarani. Nyumba ilipunguza mwendo. Aliketi barazani, kwenye udongo aliokuwa ameukandika kwa mikono yake mwaka alioolewa, na safari ikaendelea. Agnetha alimfuata kwa bodaboda na kumpa pochi, dawa za presha na ndizi za kuchoma, akarudi kwenye kuku.

Kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, dada wa zamu aliuliza kama ndani kuna mpunga. Katarina alijibu kwamba hajui ndani kuna nini, maana mlango una kufuli na ufunguo hana. Yule dada alinusa dirishani, akasema mpunga haunuki hivyo, akainua kamba.

Mlango ule Katarina hakuwahi kuuona umefungwa kwa kufuli. Alipokuwa akiishi mle walikuwa wakiufunga kwa kamba ya mgomba, tena kwa ajili ya mbuzi tu.

Walikuwa wakiishi Lihindo, kitongoji kilichokuwa mbele ya Mlimba, njia ya kwenda Masagati. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, na operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja ilikuwa imeshapamba moto. Katika tarafa ile operesheni ilisimamiwa na katibu kijana aliyeitwa Vitus. Alikuwa na suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni na mgambo waliomtangulia popote alipokwenda. Wazee wenye umri wa baba yake walimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kusita.

Vitus aliitisha mkutano Lihindo na kueleza kwamba kila mtu atahama, kwa hiari. Akauliza kama kuna asiyeelewa. Evaristo alinyoosha mkono. Alikuwa mvuvi na mkulima, mtu mwembamba, mwepesi wa mzaha.

"Mimi sikatai kuhama, ndugu katibu," alisema. "Iulizeni nyumba. Ikikubali kuhama, nitaifuata."

Watu walicheka. Walicheka wanaume, wakacheka wanawake waliokuwa wamekaa nyuma na watoto, na mgambo mmoja alicheka pia, kisha akajifanya anakohoa. Vitus hakucheka. Alifunga mkutano kwa kaulimbiu, na watu waliitikia huku bado wanafuta machozi.

Malori yalikuja wiki iliyofuata. Wanawake na watoto walipakiwa kwanza. Evaristo alikuwa amebaki nyuma kufungua mbuzi. Lori lilipofika kilimani Katarina aligeuka, akaona moshi wa nyumba yake, akajua kwa sababu ilikuwa peke yake upande ule wa kijito. Walipofika huko walikopelekwa, alimwendea Vitus na kumuuliza mumewe yuko wapi. Vitus alimwambia kwamba Evaristo amewatoroka mgambo, amevuka mto, na bila shaka ataoa huko ng'ambo. Ndivyo ilivyoandikwa, na kwa kuwa iliandikwa, ndivyo ilivyokuwa.

Tangu hapo Katarina hakuwa mke wala mjane. Paroko wa siku zile alisema hawezi kusoma misa ya marehemu kwa mtu aliyekimbia. Ndugu wa Evaristo walisema mwanamke mwema hakimbiwi. Hakukaa matanga, hakuvaa nyeusi, hakuolewa tena, na mtu alipomuuliza habari za mumewe alijibu kwamba mumewe hajakimbia. Alijibu hivyo kwa miaka hamsini, kwa sauti ileile, hata kwa watu waliokuwa hawajauliza.

*

Waliingia Ifakara siku ya pili, kabla jua halijawa kali. Kwenye mtaa wa maduka, Abdulnasir mwenye duka la vyombo alisogeza masufuria yake ndani kidogo ili nyumba ipite, akamsalimia Katarina na kumuuliza ametoka wapi. Katarina alisema ametoka Mbingu lakini nyumba imetoka Lihindo. Abdulnasir alisema poleni na safari.

Nyumba ilikata kona na kuingia mtaa mmoja wenye miti ya kivuli na nyumba kubwa. Mwanzoni mwa mtaa mafundi walikuwa wakichimba shimo la nguzo ya kibao. Jumamosi mtaa ule ulikuwa unapewa jina la Mzee Vitus, kwa utumishi wake uliotukuka. Nyumba ilisubiri mafundi waondoe toroli lao, ikapita, ikaenda hadi kwenye ua wa Mzee Vitus mwenyewe. Lango lilikuwa limefungwa na lilibaki limefungwa. Nyumba ilikaa katikati ya bustani ya maua, baraza likielekea kwenye njia ya matofali inayotoka mlangoni hadi langoni, na haikusogea tena.

Mzee Vitus alikuwa kwenye veranda yake, anakunywa chai na mihogo. Alikuwa mnene sasa, mwenye sauti laini na fimbo ya mpingo. Aliitazama nyumba, akamtazama Katarina, akasubiri aamkiwe. Alikuwa amemzidi miaka kadhaa, na katika Ifakara yote hapakuwa na mtu wa umri wa Katarina ambaye hakumpa shikamoo.

"Habari za asubuhi," Katarina alisema.

Mzee Vitus aliweka kikombe chini. Kisha aliuliza ni nani aliyeruhusu hilo jengo kuwekwa pale.

"Wewe," alisema Katarina. "Uliamuru kila mtu ahame. Amehama. Amechelewa tu."

Mzee Vitus alimaliza chai yake, akaingia ndani na kupiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda ofisi ya mji. Ya pili ilikwenda polisi. Binti yake Levina, muuguzi ambaye hakuolewa na ndiye aliyesimamia nyumba ya baba yake, alimletea Katarina chai ya rangi na kiti. Katarina alipokea chai, akasema kiti hahitaji, baraza analo.

Bwana wa ofisi ya mji alifika wa kwanza. Alipima nyumba kwa hatua, akauliza kibali cha ujenzi, akaambiwa ilijengwa kabla vibali havijafika Lihindo. Alichora alama ya X nyekundu ukutani, akaandika BOMOA, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia Katarina wakati wa kuondoka. Tingatinga lilikuja alasiri. Dereva aliliwasha, akasogea, kisha akazima injini na kuteremka, kwa sababu kulikuwa na mtu anagonga mlango kwa ndani.

Aligonga kwa muda wa kutosha mtu kutwanga kinu kimoja. Moshi ulitoka dirishani, mweupe kwanza, halafu mweusi. Kisha kugonga kukakoma na moshi ukaisha. Dereva alisema yeye havunji nyumba yenye mtu. Siku iliyofuata, saa ileile, ikawa vilevile, na majirani wakazoea kuanua nguo zao mapema ili zisinuke moshi.

Katarina alikaa karibu na mlango wakati wa kugonga. Alimwambia aliyekuwa ndani kwamba yupo, asichoke.

*

Polisi walimtuma Inspekta Nasma wa upelelezi, binti wa Abdulnasir wa duka la vyombo. Alitumwa kumwondoa mvamizi. Alimwamkia Mzee Vitus, akamwamkia Katarina, akaizunguka nyumba mara moja, akasimama mbele ya mlango. Kufuli lilikuwa la shaba, limebadilika rangi kwa moto lakini zima, na pete zake zilikuwa zimepigiliwa upande wa nje.

"Mama," alimwambia Katarina, "hili mlilifunga nyinyi?"

"Hatukuwa na kufuli, mwanangu. Tulikuwa na mbuzi."

Nasma alisema mtu hajifungii kwa nje. Alifungua jalada. Katika kosa la uvamizi hakuandika chochote, na chini yake akaandika mauaji.

Mzee Vitus alipoulizwa, alieleza kwa utulivu kwamba operesheni ilikuwa ya taifa zima, kwamba yeye alikuwa kijana mtiifu, kwamba mambo mengi yalifanyika na kumbukumbu zimeliwa na mchwa. Kuhusu kufuli hakumbuki. Kuhusu ufunguo hajawahi kuuona. Levina alikuwa amekaa pembeni na ungo, anachambua mchele wa mchana. Aliposikia neno ufunguo aliacha kuchambua.

Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba tangu alipokuwa msichana mdogo kila akichambua mchele hukuta ufunguo mdogo wa shaba katikati ya mawe. Kila mara baba yake alimwambia autupe. Aliutupa chooni, aliutupa jalalani, mwaka mmoja aliutupa mtoni akiwa kwenye pantoni. Kwenye ungo uliofuata ulikuwemo tena. Alidhani ni mambo ya mashine za kukoboa. Aliingiza vidole kwenye mchele, akautoa, akaupangusa kwa upindo wa gauni, akamkabidhi Nasma.

"Levina," alisema Mzee Vitus.

"Nimechoka kuutupa, baba," alisema Levina, akaendelea kuchambua.

Nasma hakufungua mlango siku ile. Alitaka kwanza shahidi, ili asije akaambiwa ameokota ufunguo na kufuli sokoni. Katarina alimtajia Dionisi, yule mgambo aliyekohoa mkutanoni. Alikuwa bado hai, anaishi kwa binti yake pembeni mwa mashamba ya mpunga, haoni vizuri, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatoa mafuta ya taa.

Ulikuwa umeanza siku ile ya Lihindo na haukuacha. Kiganja kilikuwa na unyevu wakati wote, na kabla umeme haujafika mtaani kwao binti yake alikuwa akikikamulia kwenye kibatari. Walikuwa hawamruhusu kukaa jikoni. Nasma alikaa naye uani, mbali na moto, akamwomba aeleze. Dionisi alieleza mara moja, kama mtu anayeulizwa njia na kuelekeza.

Alisema Vitus alimkuta Evaristo ndani anachukua nyavu, akafunga mlango kwa kufuli la sanduku lake mwenyewe. Vitus alisema anataka kumtisha tu. Alimwagiza Dionisi amwage mafuta ya taa kwenye majani ya paa, naye akamwaga, nusu debe. Vitus alisimama mbele ya mlango na kuuliza kwa sauti kama sasa nyumba imekubali kuhama. Evaristo alijibu kutoka ndani.

"Alisema nini?" Nasma aliuliza.

"Alisema, 'Subirini, ndugu katibu, bado inafikiria.'" Dionisi alifuta kiganja kwenye suruali. "Sisi mgambo tukacheka. Ilikuwa inachekesha. Vitus akatoa kiberiti."

Nasma alimuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Dionisi alijibu kwamba alisema. Alisema kwenye vilabu vya pombe, alisema kwenye kitubio, alimwambia mkewe hadi mkewe akafa. Kila mtu kule Masagati anajua, na Mlimba wanajua. Mtu wa serikali ndiye hakuwahi kuuliza.

*

Mlango ulifunguliwa Alhamisi asubuhi. Nasma aliingiza ufunguo, ukageuka bila taabu. Mzee Vitus alikuwa kwenye veranda na hakusogea.

Evaristo alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, na nyavu mapajani. Alikuwa na shati alilolivaa siku ile, masizi usoni, na umri wake wa siku ile pia, miaka thelathini na kitu. Alifinya macho kwa mwanga, akasimama. Aliona mlangoni mwanamke mzee mwenye mvi na khanga mbili, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alisema Katarina, maana ndivyo mtu anavyoitikia. Kisha akasema, "Mimi Katarina."

Evaristo alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama mikono, akamtazama shavu la kushoto lenye kovu la mwiba wa samaki. Aliuliza kama nyumba imekubali.

"Imekubali," alisema Katarina. "Tuko Ifakara."

Alitoka nje, akaketi barazani kando yake. Katarina alilowesha ncha ya khanga kwenye maji ya kunywa, akamfuta masizi usoni, kwanza paji la uso, halafu macho. Hakulia. Alisema baadaye kwamba kulia kulimpitia kwa mbali, akakuacha kupite, kwa sababu alikuwa na mengi ya kumweleza. Alimweleza kwamba waliambiwa ameoa ng'ambo ya mto. Evaristo alicheka hadi akashika mbavu. Alimuuliza huyo mke wa ng'ambo anaitwa nani, na kama anajua kupika. Katarina naye alicheka, kicheko kilichokuwa kimelala muda mrefu, kikatoka kikiwa na kutu kidogo.

Levina alileta wali na samaki. Evaristo alikula kidogo. Nasma alimwomba maelezo, naye alitoa, na yalilingana na ya Dionisi isipokuwa mahali pamoja. Dionisi alisema Evaristo aligonga muda mfupi. Evaristo alisema haukuwa mfupi.

Mchana Mzee Vitus alishuka kutoka veranda akiegemea fimbo, akasimama mbele ya baraza. Alisema Evaristo alitakiwa ahame na wenzake, yasingetokea yote hayo. Evaristo alimjibu kwa upole kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Mzee Vitus aliangalia maua yake yaliyolaliwa na ukuta.

"Zilikuwa nyakati ngumu," alisema.

"Kwangu hazikuwa ngumu, ndugu katibu," alisema Evaristo. "Zilikuwa fupi."

Mzee Vitus alisubiri, pengine alidhani kuna jingine. Hapakuwa na jingine. Alirudi kwenye veranda na kuwasha redio.

Wakili wa serikali alikuja Ijumaa, akasoma jalada lote kwenye kivuli cha gari lake. Alikuwa mtu makini, mwenye miwani na leso. Alimwambia Nasma kwamba kesi ni nzuri lakini haiwezekani. Kama Evaristo anaweza kuapa na kutoa ushahidi, basi hajafa, na kama hajafa hakuna mauaji. Kama amekufa, hawezi kuapa, na ushahidi wake haupokelewi. Dionisi peke yake ni mshiriki wa kosa. Kuhusu kufuli, kufuli limeshafunguliwa. Nasma aliuliza iwapo basi mtu anaweza kushtakiwa kwa kumfungia mwenzake ndani miaka hamsini. Wakili alifikiri, akasema shauri hilo limepitwa na muda. Alimpa Evaristo mkono, akamtakia afya njema, akaondoka.

Mkuu wa Nasma alimpigia simu na kumwambia afunge jalada. Nasma alilifunga. Hakuna aliyemwambia asitoe kibali cha mazishi. Aliketi kwenye kona ya baraza, akakijaza kwa mkono wake, na kwenye sababu ya kifo aliandika kwamba marehemu alifungiwa ndani ya nyumba yake na Vitus, akachomwa moto. Alipiga muhuri. Alimsomea Katarina kwa sauti, kwa kuwa miwani ya Katarina ilikuwa Mbingu.

Katarina alimwomba asome tena pale penye neno marehemu. Nasma akasoma tena.

"Sasa mimi ni mjane," alisema Katarina.

"Ndiyo, mama. Pole sana."

Alikuwa mtu wa kwanza kumpa pole hiyo. Katarina alishika mkono wake. Miezi miwili baadaye Nasma alipata uhamisho wa kwenda mahali ambapo basi hufika mara moja kwa wiki. Babake alilalamika kwa kila mteja. Yeye alifunga mizigo, akaenda.

*

Evaristo alikuwa amechoka. Alisema kugonga kunachosha kuliko kulima. Alitaka kulala. Katarina alimuuliza anataka kulala wapi, kama arudishwe Lihindo. Evaristo alisema Lihindo, kama alivyoelezwa, sasa ni shamba la miti ya mbao, hakuna hata wa kumwamkia, na nyumba imeshasafiri vya kutosha. Atalala ndani ya nyumba yake.

Mzee Vitus alipoelewa maana ya maneno hayo alipiga simu tena ofisi ya mji. Bwana wa ofisi ya mji alipekua sheria zake, akasema kwa masikitiko kwamba nyumba isiyo na kibali inabomolewa, lakini kaburi ni jambo jingine. Kaburi haliondolewi bila ndugu kuridhia. Mzee Vitus aliuliza ndugu ni nani. Akaambiwa ni mjane. Akaambiwa pia kwamba kuzuia mazishi ya mtu mwenye kibali ni kosa, na kwamba Levina, ambaye hati ya kiwanja ina jina lake pamoja na la baba yake, alikwisha kusema hana pingamizi.

Jioni hiyo baba na binti walikula mezani. Alipomaliza, Mzee Vitus alisema amemlea, amemsomesha, hakumnyima kitu.

"Ni kweli, baba," alisema Levina. "Na mchele wote huo tuliula." Aliondoa sahani.

Jumamosi kulipokucha watu walikuwa wameshaanza kuingia. Walitoka Mlimba na Mbingu kwa mabasi, wengine Masagati kwa pikipiki, matope hadi magotini. Walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliopakiwa malori, na wazee wachache waliokuwa wamebaki. Agnetha alileta gunia la mchele na sufuria kubwa alizoazima kwa Abdulnasir. Dionisi aliletwa na binti yake, akakaa mwisho kabisa wa ua, mbali na mafiga. Alipotaka kumpa Katarina mkono, Katarina aliutazama ule mkono ukidondosha mafuta, akamwambia akae huko alikokaa. Chakula alipelekewa kama wengine.

Kaburi lilichimbwa katikati ya chumba. Waliojitolea wengi walikuwa wazee, udongo ulikuwa mgumu, na Evaristo alikuwa kijana kuliko wote, kwa hiyo alishika jembe na kuchimba sehemu kubwa mwenyewe, bila shati, akisahihishwa na watu waliosimama juu kuhusu upana. Paroko wa sasa alikuja na maji ya baraka na hakuuliza kitu. Misa ilisomwa. Ilipofika wakati, Evaristo alinawa, akavaa shati, akamwambia Katarina maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na Katarina hajayasema. Alishuka, akalala chali, akaweka mikono kifuani, akafumba macho. Alionekana kama mtu aliyerudi kutoka shambani. Walimfunika kwa shuka nyeupe kisha kwa udongo, na Katarina alitupa konzi ya kwanza.

Wakati huohuo, mwanzoni mwa mtaa, mgeni rasmi alikuwa akizindua kibao. Vipaza sauti vilisikika vizuri hadi uani. Alieleza maisha ya Mzee Vitus, uadilifu wake, jinsi alivyowaunganisha wananchi wakati wa ujenzi wa vijiji. Kwaya ya waombolezaji ilikuwa imeanza wimbo wa pili na haikukatisha. Iliimba kwa nguvu zaidi, sauti ya nne ikiwa ya wazee wa Lihindo, hadi fundi wa vipaza sauti akaongeza sauti, nao wakaongeza, na hotuba ikaisha bila watu wa nyuma kupata neno. Kitambaa kiliondolewa. Kibao kilikuwa cha kijani chenye herufi nyeupe, jina halina kosa. Mzee Vitus alipigiwa makofi, akavishwa shada, akapewa cheti katika fremu. Baadaye mgeni rasmi, akiwa anapita kwenda chakula cha mchana, aliona msiba, akashuka garini na kutoa rambirambi, kama desturi ilivyo.

Jina la mtaa halijabadilishwa. Barua zinafika vizuri. Mzee Vitus hualikwa kwenye sherehe za kitaifa na kuketishwa mstari wa mbele, na shuleni watoto huletewa picha yake wanapofundishwa habari za waasisi wa maendeleo ya bonde. Kila alasiri mtaa uko kimya, na nguo hukaa kwenye kamba hadi jioni.

Katarina hakurudi Mbingu. Nyumba ameiezeka upya kwa bati alilonunuliwa na watu wa Masagati, na ile X aliipaka chokaa. Analala chumba cha pembeni, karibu na kaburi. Amevaa nyeusi kwa muda mrefu kuliko unaohitajika, kwa sababu, anasema, ana miaka mingi ya kuilipia. Levina humjia na ungo wakachambua mchele pamoja, na ndani yake hukuta mawe tu.

Asubuhi Katarina hutandika mkeka barazani na kuketi amenyoosha miguu, nayo hufika hadi katikati ya njia ya matofali. Bwana wa ofisi ya mji akipita, huikunja. Levina akipita, huikunja, na kwa paroko vilevile. Mzee Vitus hutoka saa ya misa na fimbo yake ya mpingo, hufika pale, husimama. Katarina humtazama. Mzee Vitus husubiri kidogo, kisha hushuka kwenye tope la bustani na kuzunguka.